Bunduki ya Wenzo katika Nyika ya Same

Swali ambalo vijana wa Same huliuliza mara kwa mara, na ambalo hata watu wazima waliokwisha kupewa kibali cha kumiliki silaha hawachoki kulirudia, ni hili: ile bunduki ionekanayo katika sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, ambayo mpigaji huvuta chuma kilicho chini yake, ikatema ganda tupu na kumeza risasi mpya kwa tendo moja, je, yafaa kuwindia katika nchi yetu, au ni pambo la sinema tu? Swali hili lastahili jawabu la makini, maadam mtu anunuaye silaha hutoa fedha nyingi, hujitwika dhamana kubwa mbele ya serikali, na akiisha kuinunua hawezi kuibadilisha kwa wepesi. Jawabu langu, nitakalolieleza kwa mapana katika sura hii, ni kwamba bunduki hiyo ni chombo cha kweli tena cha heshima, lakini ni chombo cha nchi ya vichaka na cha masafa mafupi, na mwenye kuichagua sharti aitazame nchi atakayowinda, kisha risasi atakazozipata, kabla ya kuitazama bunduki yenyewe.

Wenzo na kazi yake

Wenzo wa bunduki ni chuma kilicho chini ya kitako, nyuma ya kifyatulio, kilichopindwa kikaacha tundu la kupitisha vidole vitatu. Mpigaji akiusukuma chini na mbele, bolti, yaani kile kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu wakati wa kupiga, hurudi nyuma, huling'oa ganda tupu na kulitupa nje, na papo hapo huisimamisha nyundo ya kufyatulia risasi. Akiurudisha juu, risasi mpya huinuliwa kutoka magazini, yaani ghala la risasi, ikaingia mtutuni, na bunduki ikawa tayari. Haya yote hutendeka bila ya kitako kuondoka begani wala jicho kuiacha shabaha, ilhali mwenye bunduki ya bolti ya kawaida, ambayo kipini chake kiko ubavuni, hulazimika kuutoa mkono kwenye kifyatulio, akiinue kipini, akivute, akisukume na kukilaza tena. Fauka ya hayo, mtu wa shoto, ambaye bunduki nyingi za bolti humsumbua kwa kuwa kipini kiko upande wa kulia, huiona bunduki ya wenzo ikimtumikia sawasawa na mwenziwe.

Twaibu, mbona basi haikuenea kila mahali? Sababu ya kwanza iko katika magazini. Bunduki nyingi za namna hii zina magazini ya bomba, iliyolazwa chini ya mtutu, na ndani yake risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine kama mabehewa ya garimoshi katika stesheni ya Same. Ncha ya risasi iliyo nyuma huiegemea fataki ya ile iliyo mbele yake. Na fataki ni kile kidonge kidogo kitakoni mwa ganda ambacho kikigongwa huwasha baruti. Ikiwa ncha ni kali na ngumu, teke la bunduki laweza kuifanya iipige fataki ya jirani, risasi zikalipuka ndani ya bomba, chini ya mkono wa mwenye kushika. Kwa ajili hiyo risasi za bunduki hizi hufanywa butu, na risasi butu hupambana na hewa vibaya, ikapoteza kasi na kuanguka mapema. Miaka ya karibuni Wamarekani wamebuni risasi yenye ncha ya mpira laini, ambayo huenda mbali kidogo bila ya kuleta hatari, lakini haikuondoa kabisa tofauti.

Sababu ya pili ni mkao wa mpigaji. Mtu aliyelala kifudifudi hupata taabu kuuvuta wenzo, kwa kuwa hugota ardhini. Basi katika uwanja wa shabaha ambako watu hupiga wakiwa wamelala, bunduki hii haifai, lakini kwa aliyesimama au aliyeketi haina mshindani.

Ilivyozifikia pande zetu

Wazee wa Upare walilijua gobore, bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu, muda mrefu kabla ya kuijua bunduki ya risasi za ganda. Na mpaka leo gobore bado limo vijijini, likiwatia watu wasiwasi na polisi kazi. Bunduki ya wenzo ilikuja kwa mlango mwingine. Huko Marekani ilianza kupata umbo lake katika bunduki ya Henry ya mwaka 1860, kisha kampuni ya Winchester ikaitengeneza upya mwaka 1866, na mwaka 1871, msafiri Stanley alipoondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, miongoni mwa silaha zake ilikuwamo Winchester ya risasi kumi na sita. Mwaka 1887, alipotoka Unguja kwenda kumwokoa Emin Pasha, msafara wake ulibeba bunduki za Remington zaidi ya mia tano, ambazo hupakiwa risasi moja moja, na Winchester hamsini, ambazo wakati huo zilikuwa ndizo za kasi kabisa mikononi mwa wabeba silaha.

Lakini habari iliyoifanya bunduki hii ijulikane katika uwindaji wa Afrika ya Mashariki ni ile ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, ambaye alishuka Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1909, akapanda garimoshi akiwa ameketi mbele ya injini, na kupita katika nyika ya Tsavo, ambayo ni nyika moja na Mkomazi yetu, kwani hutenganishwa na mpaka wa dola tu. Pamoja naye alikuwa na Winchester ya mfano wa 1895, iliyobuniwa na John Browning, ya kaliba .405. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, na Waingereza na Wamarekani huuhesabu kwa sehemu za inchi. Bunduki hiyo haikuwa na bomba. Magazini yake ilikuwa sanduku lililo chini ya bolti, risasi zimelala juu ya mwenzake, kwa hiyo ile hatari ya ncha kali haikuwapo. Roosevelt aliipenda mno kwa simba. Kwa tembo na kifaru, hata hivyo, alitegemea bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland, na katika tofauti hiyo pana somo kwa kila mwindaji: risasi ya .405 ni pana lakini ni fupi kwa upana wake, na risasi fupi hufika haraka mahali pa kusimama, ilhali mnyama mkubwa mwenye mifupa minene ataka risasi ndefu na nzito iendayo mpaka ndani.

Wakati huohuo Wajerumani walikuwa wakiitawala nchi yetu, na wao walikuja na bolti ya Mauser ya 1898. Mwaka 1905 fundi mmoja wa Berlin, Otto Bock, alibuni kwa ajili ya wawindaji na walowezi wa makoloni ya Afrika risasi ya milimita 9.3, iwezayo kutumiwa katika Mauser ya kawaida ya bei nafuu. Na Waingereza nao mwaka 1912 wakatoa .375 ya Holland & Holland. Risasi hizo mbili, nguvu zake na wingi wake madukani, ndizo zilizoifungia mlango bunduki ya wenzo katika Tanganyika, wala si udhaifu wa wenzo wenyewe.

Nchi ndiyo inayochagua

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwani huichagua bunduki kwanza na nchi baadaye. Mwindaji wa Same ana nchi tatu zisizofanana. Ya kwanza ni nyika iliyo chini ya milima upande wa mashariki, njia ile itokayo Same kupita Kisiwani na Gonja mpaka Ndungu, ambako migunga na vichaka vya miiba vimesongamana hata mara nyingi mtu hamwoni mnyama mpaka awe karibu naye. Ya pili ni mbuga zilizo ng'ambo ya mto Ruvu, upande wa Simanjiro, zilizo wazi, ambako choroa na swala wamsimamia mwindaji mbali, wakimtazama wakijua kuwa hapana kichaka cha kumsitiri. Ya tatu ni milima yenyewe, na humo, hususan katika msitu wa Shengena, uwindaji hauna nafasi, maana ni msitu uliohifadhiwa. Mkomazi nayo, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na tangu hapo hairuhusiwi kuingizwa bunduki ya kuwindia. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu mpaka wake uko mlangoni mwa mji, na kichaka hakina ukuta.

Katika nchi ya kwanza bunduki ya wenzo ni bora. Ni fupi, ni nyembamba ubavuni, haina kipini cha kunasa miibani, na ngiri au nguruwe pori akichomoka katika mahindi, mpigaji aweza kutoa risasi ya pili kabla mwenye bolti hajapakia ya kwake. Katika nchi ya pili haifai. Chukua mfano wa kaliba .30-30, iliyo mashuhuri kuliko zote za wenzo tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1895: risasi yake ya kiasi cha gramu 11 hutoka mtutuni kwa mita takriban 670 kwa sekunde moja. Ukiilenga ipige sentimita tano au sita juu ya alama kwa mita 100, itarudi kwenye alama yenyewe karibu na mita 150, kisha kufikia mita 200 itakuwa imeshuka sentimita kumi na tano na zaidi, na nguvu yake imepungua. Mwenye kumpiga choroa kwa mita 250 kwa bunduki hii, hata akiwa hodari, aghalabu atamjeruhi na kumwacha akafie mbali. Nami sioni katika uwindaji dhambi iliyo kubwa kuliko hiyo.

Kwa ufupi: vichakani na chini ya mita 150, wenzo; mbugani na mbali zaidi, bolti.

Risasi kabla ya bunduki

Baada ya nchi ni risasi. Nchini mwetu, tangu zamani, kanuni za uwindaji zimetaka kaliba isiyopungua .375 kwa wanyama wakubwa wa hatari kama tembo na nyati, basi .30-30 yatoka mara moja katika hesabu hiyo, ijapokuwa kwa swala pala, ngiri na nguruwe pori yatosha kabisa. Kuna .45-70, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, pana kuliko .375, ambayo kampuni ya Marlin huitengenezea bunduki za wenzo; katika ujazo wa kale ilikwenda polepole, na katika ujazo wa sasa huwa na nguvu nyingi na teke kali. Upana wake hutimiza sharti la kanuni, lakini upana si undani, na kwa nyati bado ningependa .375 ya bolti mkononi mwa mtu wangu.

Lakini hata risasi nzuri isipopatikana ni chuma cha bure. Kabla hujailipia bunduki, nenda kwa muuza silaha mwenye leseni, Arusha au Dar es Salaam, umwulize ana risasi gani hivi leo, na mwaka jana alikuwa na zipi. Utakuta .375 na .30-06, na utakuta marisau ya bunduki ya ndege; .30-30 na .45-70 waweza kuzikosa miezi mingi. Mtu aliyenunua bunduki ya wenzo kwa mapenzi ya sinema, kisha akabaki na risasi chache asizothubutu kujizoezea, hatakuwa mpigaji kamwe, kwani shabaha hujengwa kwa mazoezi.

Mambo ya kutazama katika bunduki yenyewe

Ikiwa nchi na risasi vimekubali, basi tazama bunduki. Winchester ya mfano wa 1894 hutupa ganda tupu juu, na kwa hiyo katika zile za zamani darubini haikai vema juu yake. Kampuni ilibadili jambo hilo katika miaka ya 1980. Marlin ya mfano wa 336, iliyotoka mwaka 1948, hulitupa ganda ubavuni, na darubini hukaa juu yake bila ya taabu. Marlin ina fadhila nyingine kubwa zaidi kwa mtu wa nchi ya vumbi: ukiufungua msumari mmoja wa parafujo, wenzo hutoka, bolti huteleza nyuma, na mtutu husafishwa kuanzia nyuma, ilhali Winchester hulazimu ufimbo wa kusafishia uingie kwa mdomo wa mtutu, na ufimbo husugua mdomo huo mwaka baada ya mwaka mpaka shabaha ipotee.

Vumbi jekundu la Same ni adui wa bunduki ya wenzo kuliko wa ile ya bolti, maana viungo vya wenzo ni vingi na vimefichika. Mafuta mazito hulikamata vumbi yakawa tope la kusagia chuma. Basi paka mafuta mepesi, kidogo, na ufute ya ziada. Mwenye kuishi juu, Mamba au Vudee, ambako ukungu hukaa, afanye kinyume kidogo, kwani huko adui ni kutu, na mti wa kitako autie mafuta ya kitani mara kwa mara usinywe unyevu.

Kuitengeneza ikufae

Watu wakisikia kutengeneza, hufikiri nakshi na urembo. Mimi nasema jambo la kwanza la kutengenezwa ni kitako, na la pili ni kitako, kwa kuwa bunduki nyingi za viwandani zimekatwa kwa kipimo cha mtu wa kiwandani, si cha yule aliyeinunua. Kipimo cha kitako ni umbali kutoka kifyatulio hadi mwisho wake, na aghalabu huwa sentimita 34 au 35. Kunja kiwiko, weka mwisho wa kitako katika kunjo la mkono, na kidole cha shahada kifike kifyatulio bila ya kunyooshwa kwa nguvu wala kupindwa; kitako kikizidi, mti ukatwe; kikipungua, kipande cha mpira kiongezwe nyuma. Mpira huo hufanya kazi mbili, hurefusha na hupunguza teke, na kwa .45-70 mimi nauona wa lazima. Bunduki iliyokufaa, ukifumba macho na kuipandisha begani, ukayafumbua, alama ya mbele iko tayari mbele ya jicho bila ya kuinua wala kuinamisha shingo.

Baada ya kitako ni alama za kulengea. Zile za kiwandani, mfereji nyuma na punje mbele, hupotea jioni na alfajiri, saa ambazo wanyama hutembea. Bora ni bamba lenye tundu pana, lifungwe nyuma karibu na jicho, na punje nyeupe mbele. Jicho lenyewe huitafuta kati ya tundu bila ya kuamrishwa. Mwenye macho yaliyochoka, na wengi wetu tuliovuka miaka arobaini tumo, afunge darubini ndogo ya kukuza mara moja hadi nne, wala asitamani kubwa, kwani kichakani darubini kubwa huonyesha nywele za mnyama na kukuficha mnyama.

Mengine nayataja kwa haraka:

- Mkanda wa ngozi usio na pete zitoazo kelele.
- Ngozi laini iliyoshonwa juu ya wenzo, isiumize vidole.
- Mfuko wa risasi tano kwenye kitako, si zaidi, kwa ajili ya uzito.

Na yako ya kukataa. Wenzo mpana uliojulikana kwa sinema ya Stagecoach ya mwaka 1939, ambao John Wayne aliuzungusha kwa mkono mmoja, hunasa mwiba katika migunga na hauna faida kwetu. Kifyatulio kisisuguliwe kiwe chepesi, kwa kuwa katika bunduki nyingi za wenzo nyundo hushikwa na ukingo mdogo wa chuma, na ukingo huo ukipungua, bunduki itajifyatua ikianguka. Mtutu usikatwe.

Hapa nawasihi hasa watu wa nchi yangu. Wapare walikuwa mafundi wa chuma mashuhuri, na wahunzi wa Ugweno waliwauzia majirani majembe na mikuki tangu kabla ya Mjerumani. Ufundi huo bado umo mikononi mwa vijana wetu, nao huwashawishi kuitia tupa kila chuma. Lakini risasi ya kawaida ikilipuka, msukumo ndani ya mtutu huzidi mara elfu mbili msukumo wa hewa ituzungukayo, na chuma kilichotiwa moto wa mhunzi hupoteza ule ugumu kilichopewa kiwandani bila ya kuonyesha alama yoyote. Mti wa kitako, mkanda na ngozi ni kazi ya fundi yeyote mzuri wa Same. Mtutu, bolti na nyundo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni, naye peke yake.

Usalama na sheria

Sheria yetu ya uwindaji inakataza silaha inayojipakia yenyewe na kuendelea kupiga. Bunduki ya wenzo, kwa kuwa kila risasi yataka mkono wa mtu, haimo katika katazo hilo. Leseni ya silaha hutoka polisi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015. Kibali cha kuwinda hutoka kwa mamlaka ya wanyamapori. Namba iliyochorwa kwenye chuma isiguswe na tupa wala rangi, na fundi atakayeipokea bunduki aiandikishe.

Katika kuchukua, tembea na chumba cha mtutu kikiwa kitupu, risasi zimo magazini. Bunduki nyingi za zamani za wenzo hazina kizuizi ila kile kituo cha nusu cha nyundo, na kuishusha nyundo kwa kidole gumba juu ya risasi iliyo hai, kidole kikiwa na jasho, kumewajeruhi watu wengi. Fauka ya hayo, baadhi ya bunduki hizi hazitoi risasi magazini ila kwa kuuvuta wenzo mpaka zote zipite. Basi zitoe mdomo ukielekea chini, mahali pasipo mtu, na kidole kikiwa mbali na kifyatulio.

Rai yangu

Mtu wa Same atakaye bunduki moja tu maishani na anunue .375 ya bolti, yenye mtutu mfupi kiasi na kitako kilichokatwa kwa kipimo chake. Hiyo itamtosha kichakani na Simanjiro, na risasi zake atazipata. Aliye na hiyo tayari, na shamba lake liko chini ya milima kati ya Kisiwani na Ndungu, na amepata kibali, na amekwisha kuhakikisha kwamba muuzaji atamletea risasi za mwaka mzima, basi achukue Marlin ya .30-30, aifunge alama ya tundu, na ajizoeze kwa mita 50 na 100 mpaka aijue.